Usiitundike Ukutani, Shangazi

Robinvale, Australia
Jumapili, tarehe 6 Aprili

Mpendwa Shangazi Vika,

Pokea salamu zetu sote wanne. Magoti yako yanaendeleaje? Na Sulieti, kile kikohozi kimemwachia? Huku watoto ni wazima, wanakula mpaka nawaficha mkate. Semisi ndiye bado anachoka; akipanda zile ngazi tatu za mlangoni husimama kwanza, apumue. Upasuaji wa moyo ni Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe 14, Melbourne.

Shangazi, nina kosa la kukuambia. Nisome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Yuko mama mmoja hapa, Bi Glenys, anayepiga picha za familia kando ya mto. Hapangi mtu. Watoto wanacheza, yeye anawafuata tu na kamera yake. Nilimwomba aje jana, zabibu zilipokwisha kuvunwa. Lakini mimi sikutaka picha za kucheza. Nilitaka moja tu: Semisi amekaa kwenye kiti, amefunga ule mkeka wa kiunoni, vazi la heshima la kwetu visiwani, uliomsukia siku ya harusi yetu, anatazama mbele, hacheki. Unaijua picha ya namna hiyo. Iko ukutani kwako, ya marehemu baba yake, ina shada la maua.

Semisi alikataa kuuvaa mkeka. Ndipo nikamwambia kuwa wewe ndiye umeagiza. Nilijua neno la shangazi kwetu halikataliwi. Akauvaa palepale.

Mwanetu Kelepi naye akagoma kusimama karibu na kiti, akakimbilia matope. Lupe akamfuata. Niliwafokea wanangu mpaka machozi yakanitoka mimi.

"Waache tu, mama," akasema Bi Glenys. "Mimi sina haraka."

Semisi akanitazama kutoka kwenye kile kiti. "Mama Lupe, hii picha ni ya nyumbani au ya jeneza?"

Nikajifanya nanyoosha upindo wa mkeka wake.

"Shangazi hajaagiza kitu," akasema. "Shangazi yangu mimi huniambia nicheke hata na pengo langu hili."

Akaufungua mkeka, akaukunja taratibu, akanipa. Kisha akaenda polepole, akaketi matopeni na watoto. Kelepi akampaka uso mzima.

"Baba nguruwe!" Lupe akapiga kelele.

"Na nguruwe huyu anakula watoto wanaokimbia kiti!"

Nami nikaenda, na gauni langu la kanisani vilevile.

Nisamehe kwa kulitumia jina lako, Shangazi. Ilikuwa hofu. Hata sasa ninavyoandika bado ninayo, ila haijajaa kifua chote kama juzi. Mkeka nimeuhifadhi sandukuni. Atauvaa siku ya kwenda kushukuru kanisani.

Picha imo humu ndani ya bahasha. Semisi haangalii kamera, uso ni matope matupu, lakini pengo utaliona. Nakuomba, usiitundike ukutani na wale waliotangulia. Iweke mezani unaponywea chai, mkae naye.

Msalimie Sulieti na Mzee Hopoate. Jumatatu asubuhi tutajeni katika maombi. Mungu akulinde, akutunzie na magoti hayo, maana Krismasi utakuwa na wajukuu wawili wa kuwabeba.

Ni mimi mke wa mwanao, nikupendaye na kukuogopa kidogo,
Meliame