Mifumo Inasomana

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Dirisha jipya limezinduliwa. Bango mlangoni: "Mifumo Inasomana, Mipaka Haituzuii." Wageni wa mradi wamekula kuku, wamepiga picha, wameondoka. Kompyuta yenyewe ilikataa kuwaka mpaka gari lao la mwisho lilipotoka getini. Nilicheka peke yangu.

Kazi ni rahisi kuieleza. Mtu ana cheti cha nchi jirani. Badala ya kusafiri kwenda kukithibitisha, anakuja kwangu. Natuma swali, wenzetu kule wanajibu "sahihi" au "si sahihi". Basi. Swali linafungwa kwa kufuli la siri, wa njiani hawezi kulisoma. Kitu kizuri, nakiri. Ila mratibu wetu, Bwana Fredrick, kabandika nywila yake pembeni ya skrini kwenye kikaratasi cha njano. Mpanda123! Nimeibandua. Kaibandika tena.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mteja wa kwanza. Mzee Candide wa Katumba, makazi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, na mjukuu wake Médiatrice. Binti kasoma sekondari Burundi, kwa shangazi yake. Sasa kapata nafasi chuo cha uuguzi huku kwetu, na chuo kinataka cheti chake kithibitishwe kabla ya tarehe 19. Baba yake alishafariki. Mlezi ni babu, na mfumo unataka mlezi naye aandikishwe — jina, alama za vidole, kijiji, simu.

Mzee hakutaka. Mkono kautia mfukoni na hautoki. Nikamuuliza anaogopa nini. Alivuka mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na mbili. Akasema kule kwao watu walikuja na orodha. "Walisoma majina kwenye karatasi, mwanangu. Baba akaitika."

Nikamwambia: linalovuka ni jina la Médiatrice tu. Lako, mzee wangu, linabaki hapa Mpanda. Akaniuliza kama naapa. Nikaapa. Akautoa mkono.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Limerudi kosa. "Jina la ukoo halilingani." Bila shaka halilingani! Binti ni Médiatrice Nizigiyimana. Baba yake alikuwa Salvatori Nduwimana. Babu ni Candide Bukuru. Warundi kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, hata wauza mihogo wa Katumba wanalijua hilo. Lakini waliotengeneza mfumo walikaa kwenye kiyoyozi wakaamua kwamba dunia nzima ina jina la ukoo.

Nikajaribu kumtafuta mzee kwa tarehe ya kuzaliwa, kwenye daftari la zamani la Katumba, lililoingizwa kwenye kompyuta, tulilopewa kwa ajili ya walezi. Tarehe 1 Julai 1960. Wakatokea watu mia mbili na kumi! Karani wa kambini enzi hizo, kila asiyejua siku yake alimwandikia mosi Julai. Kijiji kizima kilizaliwa siku moja.

Nimewaandikia watu wa mradi. Jibu: "Tunalifanyia kazi." Upuuzi mtupu.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Bado. Médiatrice kapiga simu mara tatu. Sauti yake inazidi kuwa ndogo.

Ijumaa kuna kikao cha tathmini. Wakubwa wanataka kujua dirisha limehudumia wangapi. Sifuri. Minza wa mapokezi anasema bosi leo hata chai hakumaliza.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Nimechefuka.

Narudi kutoka kula, namkuta Bwana Fredrick kakaa kwenye kiti changu, anatabasamu. Tatizo kalimaliza, anasema. Kalimalizaje? Kachukua daftari lote la Katumba — watu elfu sita na zaidi, vijiji vyao, majina ya baba zao, vilima vya Burundi walikotoka — kaongeza na walioandikishwa dirishani, simu zao humo humo, kawarusha wote ng'ambo kwenye faili moja. Wachague wenyewe nani ni nani.

Kwa WhatsApp! Kwenye kundi la mradi! Kundi lina watu themanini na tatu, wa huku na wa Burundi, madereva wamo, hata mpiga picha wa uzinduzi yumo. Faili halina kufuli wala nini.

Nikapaza sauti: futa! Akashika simu, akabonyeza. Nikachungulia. Kabonyeza "Futa kwangu". Kwake tu! Eti huyu ndiye aliyeenda kozi ya usalama wa taarifa, wiki mbili, karudi na cheti kakitundika ukutani.

"Eufrazia, usikuze mambo," kaniambia. "Hawa ni raia wetu siku nyingi. Nyie watu wa kompyuta mna woga sana."



Alhamisi, 11 Septemba 2025

Jibu limekuja: sahihi.

Médiatrice kafika mchana, kaangua kilio pale dirishani, kaushika mkono wangu na haachii. Kaniletea maharage ya shambani kwao, mfuko mzima. Ningesema nini? Niyakatae? Ningemweleza kwamba jibu lake limepatikana kwa kumwaga majina ya kijiji chote barabarani?

Nimeyapokea. Nimeyapika. Nimeyala pia, najionea kinyaa.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Kikao. Bwana Fredrick kapigiwa makofi kwa "ubunifu". Nami nilipiga. Mikono hii hii.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Mzee Candide kaja peke yake asubuhi, kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa.

Jumapili, akitoka misa, simu iliita. Namba inaanza na 257, ya Burundi. Sauti ya kijana, ya upole, Kirundi safi. Kijana kamwita mwana wa Ntahondi. Mzee anasema Katumba hakuna anayelijua jina la baba yake. Alilitaja mara moja tu, kambini, kwa karani. Kijana kamuuliza kama ana kaka walio hai. Kamuuliza kama anafikiria kurudi kudai lile shamba la baba yao, maana wapo watu wanaolima pale na wangependa kujua mapema.

Akakata simu. Ikaita tena. Jana imeita mara nne.

"Mwanangu, nani kawapa?"

Nikamwambia anisubiri. Nikaenda ofisini kwa Bwana Fredrick, nikamweleza yote. Alibadilika rangi. Nikafikiri, kumbe ana moyo huyu! Akafungua kompyuta, akachapa dakika tano, akatoa karatasi. Fomu ya ridhaa. Kwamba Candide Bukuru amekubali kwa hiari yake taarifa zake zipelekwe nje ya nchi. Tarehe: 4 Septemba.

"Aweke dole gumba tu, tunakuwa salama wote."

Wote! Mzee hayumo kwenye hao wote.

Kabla sijajibu, katoka mwenyewe na kibweta cha wino. Akamkaribisha mzee kiti, akamwita baba, akamwambia hii ni fomu ya kuzuia zile simu. Bila kupepesa macho! Mzee akachovya kidole. Akakileta mpaka juu ya karatasi, akakizuia hapo.

"Nisomee wewe," akaniambia. "Yeye simjui. Wewe ndiye uliyeniapia."

Bwana Fredrick akanitazama. Mkataba wangu unaisha Desemba, na anayesaini mpya ni yeye. Hakulitaja hilo. Hakuwa na haja.

Nikasema naomba dakika moja nikachukue miwani.

Niko chooni. Daftari langu hili liko magotini. Miwani ninayo usoni.

Minza anagonga mlango. Anauliza kama naumwa. Anasema mzee bado kainua kidole, kakataa kukifuta, na Bwana Fredrick keshamshika mkono, anaushusha kwenye karatasi —