Povu Kwenye Kijito cha Fisi Maji

Jumatano, 4 Februari

Maji safi. Nimemimina mpaka mrija wa kupimia uwazi wake ukajaa, na msalaba mweusi ulioko chini yake bado nauona. Solange, mwalimu wa Nyundo ninayejitolea naye kupima, ananitania kila wiki: Mwislamu mzima anatafuta msalaba. Namwambia atafute na yeye, kama macho yake hayajaishia kwenye madaftari ya watoto.

Fisi maji wawili bado wako ndani ya wavu pembeni ya bwawa la kijito. Sambaza, vile vidagaa vya ziwani, wamewala kama watu wa harusini. Hapa palikuwa jaa la taka. Tumelisafisha kwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi baada ya Jumamosi, ili warudishwe. Daktari wa wanyama amesema maji yakibaki safi hadi tarehe 18, wavu unafunguliwa. Yakichafuka, anawapeleka mahali pengine.

Sitaki hata kuwaza. Nimewapenda, basi. Mume wangu yuko barabarani na lori lake, mabinti wameolewa Goma, nyumba imenyamaza mno. Hawa wanapiga miluzi mpaka dirishani kwangu.

Jumatano, 11 Februari

Povu. Kijito kizima povu. Msalaba umepotea mrija haujafika nusu. Solange amerudia, yale yale. Fisi maji wamejikunyata juu ya jiwe, hawataki kuingia majini. Daktari anatupa wiki moja, zaidi hasubiri. Nimelia njiani, mtu mzima mimi.

Najua ni nani. Wale vijana wa moto, wabeba abiria, wanaooshea pikipiki zao kule juu.

Alhamisi, 12 Februari

Nimewaendea. Nimesema yote niliyokuwa nayo, na mengine sikujua kama ninayo. Claude, ambaye hunipeleka sokoni kila siku, aliinama anapangusa taa ya pikipiki iliyokwisha kung'aa. Nimerudi nyumbani nimeshiba ushindi.

Ijumaa, 13 Februari

Yarabi. Nimesujudu msikitini, pua kwenye mkeka, harufu ya sabuni ya unga. Mkeka unang'aa. Kwanza nikafurahi. Halafu sala yote ikanitoka kichwani.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani akina mama tunafua mikeka ya msikiti kijitoni. Mwaka huu nilibanwa na kushona sare za shule, sikwenda, na nikasahau kabisa. Wamefua Jumanne, kesho yake sisi tukapima. Na nusu ya mikeka bado, wanaifua Jumanne ijayo. Tena Jumanne!

Anayewaongoza ni mama mkwe wangu, Mama Mwamini. Nani wa kumwambia? Mimi.

Jumamosi, 14 Februari

Kwanza Claude. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake, uso unaniwaka.

"Mi niliona mikeka, Mama," akasema. "Ningesema ni musikiti, ungenisikia?"

Nisingemsikia. Ningemtupia kandambili. Tukacheka wote, mimi na machozi juu. Jaketi lake la kazi zipu imekufa. Nimemvua nikaondoka nalo.

Jumapili, 15 Februari

Nimekwenda kwa Mama Mwamini na maandazi, kama mtu anayekuja kuposa. Nimemweleza. Akasukuma sahani ya maandazi kando. Nikajua sasa anampigia mwanawe, mume wangu, simu huko aliko.

Akauliza kama wale wanyama wanaishi humo humo majini. Nikasema humo wanaogelea, humo wanakula, maji hayo hayo wanakunywa.

"Tunasafisha fasi ya kusalia, tunachafua ya wengine," akasema. "Ile haiko usafi."

Kisha akaniambia maandazi yangu yamekosa iliki. Nimetoka pale natembea kama msichana.

Jumanne, 17 Februari

Siku gani hii! Mikeka imefuliwa uani mwa msikiti. Maji ya bomba, na waliobeba madumu ni vijana wa moto, wamefunga mawili mawili nyuma ya pikipiki. Claude mbele, jaketi na zipu mpya. Maji ya sabuni tumemwaga shimoni, mbali na kijito. Mama Mwamini hakuruhusu mtu aondoke bila kula. Ugali na sambaza. Nimewaambia hawa si wa fisi maji, wale kwa amani.

Jioni watu wanatafuta mwezi, mimi nawaza msalaba. Mwezi haukuonekana.

Jumatano, 18 Februari

Mrija umejaa mpaka juu. Msalaba upo.

Mama Mwamini alikuja, hakuna aliyemwita. Akaomba aangalie na yeye. Akafumba jicho moja, akainama juu ya mrija.

"Iko," akasema.

Daktari akainua wavu. Dume akatoka bila kuaga. Jike akatoka, akarudi kuchukua sambaza mmoja aliyebaki, akatoka tena. Solange amenishika mkono mpaka umeniuma.

Kesho tunafunga. Nashona karibu na dirisha. Miluzi haitoki tena upande wa wavu, inatoka chini kwenye matete. Nimesimamisha cherehani kidogo, nisikilize.