Siku Uliyozikwa Nilikuwa Gesima

Mama Moraa,

Shemeji zako wanasema sikukuzika. Ni kweli, sikufika. Anayepaza sauti kuliko wote ni yule aliyekuuliza kila Krismasi utaacha lini kuzika kampuni za watu. Miaka yote hiyo hakuelewa kwamba ulikuwa unazifufua.

Sasa nisikilize mimi. Unakumbuka mahakama ilitukabidhi wewe na mimi kile kiwanda kidogo cha chai cha Gesima, tujaribu kukiokoa kisifilisiwe. Mkutano wa wanaokidai uliangukia Ijumaa ileile ya mazishi. Niliomba wiki moja tu. Wakili wa benki akapinga, jaji akakubaliana naye. Tulipotoka nje wakili huyo akaniambia, "Pole, dada, lakini sheria haina matanga." Dada! Miaka kumi na moja kwenye kazi hii, bado mimi ni dada. Nilienda chooni nikalia, kisha nikanawa uso, maana ulinionya: "Mdai akiona machozi anadhani ni punguzo."

Hesabu unaijua. Kura huenda kwa uzito wa deni, si kwa vichwa. Katika kila shilingi mia ambazo kiwanda kinadaiwa, benki ina arobaini na nane, nayo ilitaka mashine ziuzwe. Wakulima wana thelathini na moja, mwenye malori kumi na mbili, wauza kuni tisa. Mmoja wao akiteleza, kwisha. Na wale wakulima, wengi wao akina mama, walikuamini wewe. Ningekuja kaburini, wangekuta viti vyetu vyote viwili vitupu.

Kwa hiyo nilifanya ulivyofanya siku zote: nikawasha boila kwanza, hata kama majani ya chai yalikuwa machache, ili watu wauone moshi wakiwa bado mlimani. Walikuja. Mwenye malori akaingia akiuliza, "Wakili mwenyewe yuko wapi?" Ulisema wakiuliza hivyo nifungue faili nianze. Nikafungua. Nikafika kwenye jina lako, hapo juu ya langu, na sauti ikakatika.

Akina mama wakasimama. Hakuna aliyewaambia. Mwenye malori akatazama huku na huku, akavua kofia. "Huyo mama alinisumbua sana," akasema. "Haya, andika ndiyo, kabla hajanitokea ndotoni."

Hamsini na mbili. Kiwanda kimebaki.

Nilifika kwenu Suneka jua likizama. Kwa sababu Sabato yenu huanza Ijumaa jua likizama, walikuwa wamewahi kuvunja hema, viti vikipakiwa. Shemeji yako akaniuliza, "Umekuja kudai nini?" Moraa wako akanipa karatasi ya wasifu wako. Mke mwema, mwimbaji wa kwaya, mkulima wa ndizi. Kazi yako, mstari mmoja: "Pia alifanya kazi ofisini."

Ofisini, Mama Moraa. Mimi niliyekuja kwako na viatu vya kuazima, ukanifunza kusimama mbele ya mabenki!

Udongo wako sikuutupa hata konzi moja. Hilo litaniuma hadi nife.

Nitakaa na kiwanda hiki mpaka mkulima wa mwisho alipwe. Siku hiyo nitaomba dakika tano kanisani kwenu, na wakininyima nitasimama mlangoni, niwaambie ulikuwa nani.

Kwaheri, mwalimu wangu. Nimechelewa kulisema.

Kerubo