Mstari Wako Mfupi, Shemeji

Shemeji Issa,

Nimezoea wewe ndiye unayeanza kusema. Hata tukikutana njiani, kabla sijamaliza kuitikia salamu, tayari una jambo la kunieleza. Leo nimekaa barazani kwangu na karatasi, na kila sentensi inanishinda kwa kuwa hakuna anayenikatiza.

Nikuanzie na habari za nyumbani. Mikorosho imezaa vizuri. Dada yangu, mkeo, hajambo, ila amekonda. Cherehani yako ameifunika kwa kanga na hataki mtu aiguse. Alikuja fundi mmoja kutoka Masasi akataka kuinunua, akajibiwa kwamba mwenyewe hayupo. Fundi akauliza utarudi lini. Dada akaingia ndani, ikabidi mimi nimsindikize yule bwana mpaka njiani na kumweleza.

Shemeji, tangu uondoke nimekuwa nikifikiri sana kuhusu zile chaguzi zetu. Nakumbuka jioni ile ya kwanza ulipokuja kwangu. Ulikuwa umevaa lile koti la jeshini ulilorudi nalo kutoka vitani, ukakataa kukaa.

"Shemeji, nataka kusimama," ukasema.

"Usimame wapi?"

"Mbele yako. Kugombea kile kiti cha baraza la Newala. Nimeona si vizuri uje kusikia kwa watu."

Nikacheka, nikidhani ni utani wetu wa kawaida. Wewe hukucheka. Ukaniambia vitani ulikunywa maji ya bomba katikati ya msitu, mahali ambapo hata ndege walikuwa wageni, na ukashindwa kuelewa kwa nini Mama Saidi, mkeo, ashuke bondeni na mtungi kila alfajiri na kupanda lile genge jua likiwa tayari kali. Ukasema mtu wa kuuliza jambo hilo kule Newala hayupo. Nikakuuliza, na mimi je? Ukaniambia, "Wewe ni mtu mwema, shemeji. Lakini huulizi."

Nilikasirika siku ile. Halafu nikakusindikiza, kama kawaida.

Wewe ulijua hesabu ya kwetu kuliko mimi. Ulikuwa mtu wa Nanganga uliyekuja kuoa huku juu mlimani. Kwetu mume huja kwa mkewe, na hata akikaa mpaka nywele ziwe nyeupe, bado ni mtu aliyekuja. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mkubwa wao ni mjomba. Mjomba ni mimi. Ukoo wetu ndio uliojaza kijiji. Sikuhitaji kuhutubia mtu.

Siku ya uchaguzi liwali alipofika, tarishi wake akatupanga uwanjani, wewe kushoto na mimi kulia, na wanaume wanaolipa kodi wakaambiwa kila mmoja asimame nyuma ya anayemtaka. Nyuma yangu mstari ukaenda mpaka ukapinda kwenye ua wa shule. Nyuma yako akasimama kinyozi, akasimama rafiki yako mliyekuwa naye jeshini, na mzee Nampota ambaye masikio yalishakufa. Watu wakamwonyesha kwa mikono kwamba amekosea mstari. Akasema amekwisha kuchoka, atabaki hapohapo. Uwanja mzima ukacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Ukamletea mzee kigoda akae.

Wanawake walikuwa pembeni na watoto mgongoni wakitazama. Maji uliyokuwa ukiyagombania ni wao waliokuwa wakiyabeba, na hakuna aliyewauliza kitu.

Tulipotangaziwa ukanipa mkono. "Hongera, diwani. Sasa nikuulize jambo moja." Tangu siku hiyo hukuniacha.

Ukashindwa ukasimama tena. Ukagombea ukatibu wa soko la ushirika, ukashindwa. Ukagombea kamati ya shule, ukashindwa, ingawa wewe ndiye uliyewashonea watoto kaptula. Ukarudi tena kwenye kiti changu. Watu wakakupa jina la Bwana Mgombea, na wewe ukaitika kana kwamba ndilo ulilopewa na mama yako. Dada yangu alikuwa akiniambia, "Mwambie mwenzio aache, watu wanamcheka." Nilikwambia. Ukanijibu kwamba anayechekwa walau anasikilizwa kwa muda.

Na ajabu ni kwamba mimi, diwani, sikujua kupanda baiskeli. Siku za baraza ulikuwa unanipakia wewe, mpinzani wangu, mpaka Newala. Kwenye mchanga tulishuka tukasukuma pamoja, na njia nzima unanifundisha maneno ya kusema. Mle ndani nilisema, shemeji. Nilisimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, na liwali akinitazama kwa jicho la pembeni, nikasema wanawake wa juu wanapata taabu ya maji. Wakaandika. Nilipotoka ulikuwa umekaa kivulini na baiskeli, unapepesa macho kama mtu anayesubiri habari ya mgonjwa.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Wamejibu nini?"

"Wataangalia."

Ukapangusa vumbi kwenye kiti cha baiskeli. "Mara ya ngapi hii wanaangalia? Wamefumba macho hawa." Kisha ukaniambia nipande, twende nyumbani. Hukunilaumu. Lakini ningependa ungekuwa wewe mle ndani na mimi kivulini. Wewe usingekaa chini baada ya jibu lile.

Kuna siku moja ambayo siwezi kuisema bila moyo kuniuma, na najua hata kwako ilikuwa hivyo. Saidi wako alikuwa ameanza kulipa kodi. Uchaguzi ukaja, tukapangwa tena, na yeye akaja nyuma yangu na vijana wenzake wa ukoo, kama ilivyotakiwa. Tarishi akaanza kuhesabu. Ghafla Saidi akatoka kwenye mstari. Akavuka uwanja peke yake, akaja akasimama nyuma yako.

Wajomba zangu wazee wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu atakayemlipia mahari ni nani?"

Nilikuwa nikikutazama wewe. Uligeuka ukamwona mwanao, na uso wako, shemeji, sijapata kuuona tena vile. Ukamwekea mkono begani. Nilidhani utamshukuru.

"Rudi kwa mjomba wako," ukamwambia.

"Baba, mimi nakutaka wewe."

"Nimesikia. Nimeshapata nilichokitaka. Sasa rudi. Shamba utapewa na yule, mke utaozwa na yule. Mimi nitakupa nini? Nenda."

Kijana akarudi akilia waziwazi, mwanaume mzima. Na wewe ukageuka mbele, ukanyoosha lile koti lako, ukangoja kuhesabiwa. Jioni nilikuja kwako na jogoo. Tukamla pamoja. Dada akaondoa sahani.

Halafu kifua kikakuanza. Tulikuteremsha Masasi kwa lori la korosho, ukalazwa, kisha ukakaa kwa ndugu yako kule Mkomaindo ili uwe karibu na dawa. Nilipokuja kukuona ulikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Nikakupa pole, na wewe ukaniuliza uchaguzi ni lini. Nikasema upone kwanza. Ukasema, "Wakikuuliza kama nagombea, waambie nipo."

Hukurudi huku juu. Ndugu zako walikuzika Nanganga. Mimi nilitaka tukulete nyumbani. Nilishuka nikawaomba, nikawaeleza kwamba umeishi kwetu zaidi ya ulivyoishi kwao. Mkubwa wenu akanijibu kwa upole sana kwamba walikuwa wametuazima wewe tu. Nikaaga nikaondoka, maana ni sheria ileile ya kwetu. Uligombea miaka yote hiyo ili uwe mtu wa huku, na siku ya mwisho hata kaburi hatukuweza kukupa. Hilo najuta, ingawa sijui ningefanya nini zaidi.

Uchaguzi uliofuata, tarishi alinisimamisha uwanjani peke yangu. Akauliza kama kuna mwingine. Watu wakatazamana. Nikasema, "Issa yupo," kwa kuwa uliniagiza. Sidhani kama walinielewa. Wengine walidhani ni majonzi. Tarishi akangoja kidogo, akasema diwani amepita bila kupingwa. Hata mstari haukupangwa. Watu wakaondoka kwenda mashambani, na mimi nikabaki pale katikati sijui nipite njia ipi. Sikuwahi kujiona mdogo kama asubuhi ile.

Sasa nikwambie lililobadilika. Mistari imekwisha. Wameleta masanduku yenye picha, mtu anaingia chumbani peke yake, anatumbukiza karatasi, anatoka, na hakuna anayejua amempa nani. Na safari hii wanawake nao waliruhusiwa. Siku walipokuja kutuonyesha sanduku, binamu yangu Mchopa, yule aliyekuwa wa kwanza kabisa nyuma yangu kila mara, alilizunguka akilipapasa. Akaniambia, bila aibu yoyote, "Ndugu yangu, kama kitu hiki kingekuwapo zamani, mimi ningempa Issa." Na mwingine akasema hata yeye.

Tangu hapo nimekaa nikiirudia ile mistari kichwani, mtu baada ya mtu, nikijiuliza nani alisimama nyuma yangu na moyo wake, na nani alisimama na miguu tu. Sitajua. Wewe pia hukujua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Uliondoka ukidhani una kinyozi na kiziwi.

Sikugombea tena. Niliwaambia wazee nimechoka, na wao wakamtaja Saidi, mtoto wa dada yetu. Akashindana na mtu wa kijiji cha pili. Dada yangu alijifunga kanga mpya, akaingia kile chumba, akakaa humo mpaka karani akaanza kukohoa mlangoni. Alipotoka nilimuuliza kulikoni. Akasema hakutaka kuharakisha.

Saidi alishinda. Karani akasoma jina kamili kwa sauti, "Saidi Issa Chitanda," na jina lako likapita juu ya uwanja ule kama la mshindi. Wanawake walipiga vigelegele. Dada alianza navyo, kisha akajifunika uso kwa ile kanga mpya.

Maji bado, shemeji. Sitakudanganya. Wamekuja watu wakapima bondeni, wakapigilia vigingi, wakaondoka. Mkeo bado anashuka na mtungi. Lakini Saidi ni wako, akiambiwa jambo linaangaliwa anauliza ni nani anayeliangalia na yuko wapi. Na mimi nakuahidi, maadamu nina miguu, kila siku ya baraza nitakuwa Newala pamoja naye, nimekaa nje, na akitoka nitamuuliza wamejibu nini. Akichoka yeye, nitaingia mimi.

Pumzika sasa, Issa. Huna tena wa kumwomba kitu.

Tutakuja Nanganga korosho zikishauzwa, mimi na Saidi na dada yangu, kupalilia kaburi lako na kukusomea dua. Dada amesema hata lori lisipopatikana atatembea. Tukifika nitamshika Saidi tukae mbali kidogo, ili mkeo azungumze nawe kwanza.

Shemeji yako,
Selemani