Kilio bila maiti hapa Katuba

Ijumaa. Baridi inakata masikio, vumbi nyekundu iko kila mahali, na mimi niko nacheka peke yangu kama kichaa.

Tumeshinda!

Niseme kwanza aibu yangu. Toka siku ile pikipiki iligonga Mado, binti yangu, na kuvunja gongo lake moja la kutembelea, nilikuwa namubeba mugongoni kuvuka barabara kwenda masomo. Mado iko na miaka kumi na moja. Miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa, lakini kichwa chake, yoo! Alikuwa analia kwa haya mbele ya benzake. Nilijua, na nilimubeba tu. Niliogopa.

Tuliandika barua kwa bakubwa ba barabara, batujengee matuta mbele ya shule. Kimya.

Halafu sisi ba mama ba avenue tukakumbuka: hapa kwetu shofere, hata mulevi, akiona matawi chini kwenye barabara, anajua kuko kilio cha mufu, anapunguza mbio. Mufu anamuheshimu. Mutoto, hapana. Basi tukakata matawi, tukayapanga mbele ya shule.

Motokari zikaanza kutembea pole pole. Lakini hatukufikiria bajirani! Saa nne Mama Ngalula, jirani yetu, akafika, unga ya bukari, ugali wetu, kwenye kichwa, anapiga kelele ya kilio, na kwaya nzima ya kanisa nyuma yake.

"Nani amekufa?"

"Hakuna muntu, Mama," nikamujibu. "Bado."

Akaangalia batoto banakimbia katikati ya motokari. Akaweka unga chini, akakaa. Bote bakakaa. Tukapika, tukaimba nyimbo za kilio siku tatu, bila maiti.

Siku ya tatu mukubwa mumoja wa barabara akasimamisha motokari yake, akavua kofia, akatoa pole. Naye akauliza nani amekufa.

"Hatujajua bado ni nani, Papa," Mama Ngalula akamujibu. "Njo maana tunangojea."

Yule mukubwa hakurudisha kofia kwenye kichwa mpaka alipoondoka.

Leo dodane mbili za saruji, matuta ambayo alituma batu kujenga, zimekauka. Bisi kubwa imefika, imepunguza mbio, imesimama kabisa. Mado amevuka na magongo yake, moja mupya, hana haraka, katikati ya barabara akasimama kurekebisha kola. Kola! Nimelia kuliko siku zote za kilio.

Jioni tumeokota matawi, tumewashia moto wa bukari.

Jumatatu anataka nimuage kwenye mulango ya lupango, uwanja wa nyumba yetu, nisimufuate. Ameshavuka, yeye. Mimi je, nitaweza kubaki pale?