Albamu Iliyooshwa kwa Sabuni

Tokyo, 9 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Towako,

Hujambo? Mama hajambo? Kifundo cha mkono kinaendeleaje? Mimi na Ruriko tu wazima, ila mvua hizi zimeotesha ukungu mpaka kwenye viatu.

Albamu yetu imetoka! Nakutumia CD. Ni nyimbo zilezile tulizopiga sote watatu chumba kimoja, bila kurudia. Bwana Kuramochi wa kampuni ya muziki ameisafisha kidogo ili maduka makubwa yaipokee. Uzinduzi ni Julai. Mkono ukikubali, njoo upige.

Dada yako,
Chigusa

Kurume, 15 Juni 1998

Dada Chigusa,

Shikamoo. Mwili ni mzima, roho ndiyo inachefuka.

Ni nani anayepiga ngoma humo? Mimi siye. Mimi naharakisha kiitikio, Ruriko ananikimbiza na gitaa la besi, wewe unapiga mayowe utufikie. Ndivyo bendi yetu ilivyo. Huyu wako hachoki wala hakosei, na jasho halimtoki. Ni mashine. Pale nilipoangusha kijiti nikatukana, tukacheka wote, mmepafuta. Sauti yako nayo mmeinyoosha mpaka inanata kama sharubati.

Mama ameiweka saluni kwake. Bibi mmoja, kichwa kimejaa rangi ya nywele, akaniambia, "Hongera mwanangu, kumbe mnajua kuimba vizuri." Nikaenda chooni, nikatapika kweli.

Nijibu jambo moja tu. Ulijua?

Mdogo wako,
Towako

Tokyo, 24 Juni 1998

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mkono je?

Nilijua. Usinichape kwanza, sikiliza. Unakumbuka kumbi zote zilipotufukuza, nani alitupatia chumba chake cha chini? Siku ya kikao, Bwana Kuramochi alinimiminia bia kwa mkono wake mbele ya kampuni nzima, ndipo akaniuliza kuhusu mashine ya ngoma. Ningemkatalia vipi mtu mzima mbele ya vijana wake? Nikainamisha kichwa, naye akashukuru.

Picha yako iko kwenye jalada. Njoo tarehe 18 Julai. Utapiga juu ya ile mashine, polepole, usiipite.

Dada yako,
Chigusa

Tokyo, 21 Julai 1998

Towako,

U mzima? Hukuja, wala hukuandika. Nilimpigia Mama, akasema umetoka.

Najichukia. Watu walipanga foleni mpaka barabarani, na si kwa ajili ya nyimbo. Ukinunua CD unapiga picha nasi. Mwanamume mmoja wa makamo alimwomba Ruriko akunje vidole kama paka, naye akakunja. Mimi nilikuwa pembeni natabasamu. Usoni nilikuwa na vipodozi vizito, nikajisikia nanuka.

Wimbo wa tatu nilikimbia kama zamani. Mashine haikunifuata. Nikaacha kuimba katikati, yenyewe ikaendelea, na watu wakapiga makofi ya adabu. Uliwahi kuona watu wakitupigia makofi ya adabu?

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Bwana Kuramochi ana kwa ana kwamba nimejitoa. Aliniita teksi tu. Kanda ya kwanza ninayo, chafu kama tulivyoipiga. Tuitoe wenyewe, tuuze mlangoni kwa mikono yetu. Ila bila wewe hakuna bendi. Rudi, nakuomba.

Dada yako anayekusubiri,
Chigusa

Kurume, 3 Agosti 1998

Chigusa,

Habari za joto la huko? Mama anakusalimu. Mkono umepona.

Nimefurahi umechukizwa. Mimi nilichukizwa kabla yako, nikiwa peke yangu, na wewe ukaniandikia nipige polepole. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosikiliza CD. Kampuni ilifuta ngoma zangu kwa sababu hainijui. Wewe unanijua.

Kanda itoeni, ni yetu sote. Ruriko atapata mpigaji.

Hapa kuna wasichana watatu wa kiwanda cha viatu, wanafanyia mazoezi ghalani, nami nawapigia ngoma. Wanapiga vibaya, huwezi kuamini. Jumapili niliharakisha kiitikio, wakaangaliana, kisha wote wakanikimbiza.

Sirudi.

Towako