Wa Mwisho Mstarini

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kosa la wengi ni kudhani kwamba thamani ya mtu iko katika kutangulia, na siku asipotangulia hana kitu. Hata mimi niliishi hivyo tangu chuo cha ualimu hadi kustaafu. Cheti juu ya cheti. Hata shambani.

Kikundi chetu cha wanawake hapa Dutwa hupalilia pamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tunajipanga mstari mmoja, majembe yanafuata ngoma. Anayemaliza tuta lake kwanza hupigiwa ngoma na kutajwa jina la sifa. Wa mwisho anaimbwa. Misimu mingi nimepigiwa ngoma mimi. Leo, kwa goti hili linaloniuma, nimekuwa wa mwisho — mbali kabisa. Flora, niliyemfundisha mwenyewe darasani, akatunga papo hapo:

Mwalimu kakariri darasa,
tuta moja mwaka mzima.

Kwa Kisukuma inauma zaidi. Walicheka. Nikacheka na mimi, kwa meno tu.

Jumatano, 15 Januari

Wa mwisho tena. Wenzangu walikuwa wameshakaa, wanakunywa togwa, mimi bado nusu tuta. Ngoma ilishanyamaza. Nikasikia jembe langu peke yake. Nilikuwa sijawahi kulisikia.

Nilipofika, hakuna aliyepiga chochote. Flora akasogea kidogo, nikakaa, nikapewa kibuyu. Nikajichunguza kama ninavyochunguza daftari la mwanafunzi: nimepungua wapi? Sikuona. Goti tu.

Ijumaa, 17 Januari

Jioni alikuja Nyanjige, mwenyekiti wetu. Mwadila, mayu, yaani za jioni, mama, na salamu ndefu za watu wa nyumbani. Nikajua ana jambo.

Kikundi kimekaa, anasema. Ni aibu mwalimu kuimbwa na watoto aliowafundisha. Wananipa cheo: mlezi. Nitawekewa kiti pembeni, na nafasi yangu mstarini apewe mwingine.

Nikamuuliza, mlezi anapalilia?

"Anaangalia, mayu."

"Hata kunguru anaangalia."

Alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akasema kesho asubuhi, shambani kwake, kabla ya kuanza kupalilia, watanitangaza. Nisipofika, cheo kimepitishwa. Nikifika na kukaa kwenye kiti, kimepitishwa vilevile; labda nisimame mstarini.

Nielewe vizuri hapa. Hawanichukii. Wananiheshimu, na heshima hiyo ndiyo inayonitoa mstarini. Cheti kingine! Ninavyo vya kutosha, vimeliwa na mchwa. Ninachotaka ni tuta langu, na kelele za Flora, na kibuyu kinachozunguka hadi kwangu.

Jumamosi, 18 Januari, asubuhi

Joyness ameingia na basi la jana usiku kutoka Mwanza. Binti yangu huyu ana cheo kikubwa ofisini na presha ya kumtosha. Kuna mtu alimtumia wimbo wa Flora kwenye simu. Amekuja kuokoa jina la familia.

Mwangaluka yake, salamu ya asubuhi, ilikuwa fupi. Amemleta Method, fundi matofali wa jirani, mabega kama mlango, akapalilie badala yangu. Nikamwambia kikundi ni cha wanawake. Basi nitapalilia mimi, akasema, na buti zake mpya. Mama, umeshafanya makubwa, usijishushe sasa.

Nikamuuliza nikifanya dogo nitakuwa nani.

Amekaa mlangoni, jembe langu mapajani, analia polepole, nami naandika hapa kitandani. Nadhani halilii goti langu. Naye yuko mbioni, na anaogopa kuona mtu wake akisimama.

Ngoma ya Nyanjige imeanza kuita.

Elizabeth, funga daftari. Pita mlangoni, umpe mtoto salamu nzuri, ukasimame kwenye mstari leo. Asipokupa jembe, ng'oa magugu kwa mikono.